Kisu Yenye Kufunga

Naitwa Kanyere, ninauzisha poireaux, ile mboga ya kufanana na kitunguu, kwenye soko ya Kimemi, na batu wote ba soko banajua niko na mudomo. Kwa hiyo nikikuelezea maisha ya Jokébed usitazamie nikupambie. Tulikaa miaka kumi na moja bega kwa bega, miye na mafungu yangu ya poireaux, yeye na kisanduku yake ya mbao na eto, ile chuma ya kubana vitu, aliyoifunga juu ya kigogo kwa waya. Mutu akifika Butembo akauliza kisu ya mufukoni, hata mutoto mudogo alimuonyesha: enda kwa yule mama.

Bwana yake Vagheni njo alikuwa muhunzi. Alikufa na homa ya tumbo mwaka wa 1995, mbele ya vita ya kwanza, akamuachia Mbusa. Kwetu jina inahesabu: Mbusa ni mwanaume ya sita. Lakini bale ba mbele, bamoja balikufa bangali badogo, bengine balienda Uganda kutafuta maisha na barua zao zikachoka njiani. Nyumbani alibaki Mbusa peke yake. Ukijua ile, umejua kitu yote yenye Jokébed alikuwa nayo.

Familia ya bwana ilimuambia mwanamuke hakaribie moto ya muhunzi. Akajibu, "Muchukue moto. Muniachie tupa." Tangu ile siku Kakule, mudogo ya marehemu, alikuwa anafua lamu, ile chuma yenyewe inayokata, kwa kipande ya ressort, ile chuma ya kunesa ya chini ya gari ya zamani, na anamuletea ikiwa nyeusi na mbaya kama kiatu ya soda wa jeshi. Kazi yote iliyobaki ilikuwa ya Jokébed. Panga inataka moto, alikuwa anasema, lakini kisu ya mufukoni inataka matako ya kukaa chini. Na matako alikuwa nayo, Mungu anisamehe.

Siku moja Faraja, chauffeur ya camion, dereva ya lori, alifika na kisu ya kutoka Kampala. Ilikuwa inang'aa. Ndani mulikuwa mukasi, musumeno mudogo, hata ile chuma ya kujipinda ya kutosha kizibo. Soko nzima ikakusanyika. Jokébed aliipokea, akaigeuza, akauliza, "Hii ya kujipinda ni ya nini?"

"Ya kufungula chupa ya divai, mama."

"Wewe Faraja, divai unakunywaka lini?"

"Aka! Mama, miye si ni muislamu?"

"Basi umenunua kisu ya padri."

Batu bakacheka hadi bakakanyaga poireaux zangu, na nikagombana na watatu. Jokébed hakucheka sana, juu kwa mambo ya kazi alikuwa hachekake. Alishika ile kisu ya Kampala, akatikisa mukono mara moja, na lamu ikaanguka inje yenyewe. "Rivet, hii musumari inayoshika lamu, imelegea," akasema. "Kisu inayojifungula kwa mufuko itakukata paja, na utamuambia nini bibi yako?" Akachukua ya kwake, akatikisa, lamu ikabaki palepale. Akaingiza ukucha kwenye kialama kidogo alichochimba karibu na mugongo wa lamu, akavuta, na ikatoka pole. Alimushikisha mupini ya pembe ya ng'ombe. Tumbo ya mupini ilikuwa imenenepa katikati ili ijaze kiganja, na kule mbele alikuwa ameacha kishimo cha kidole cha kwanza, ili mukono uliolowa usiteleze mpaka kwa makali. Ncha haikuwa kama sindano. Ilikuwa imeinama kidogo kama mudomo ya bata, juu mutu wa shamba anapasua, anakwangua, anabambua, lakini hachome. Mwisho wa mupini kulikuwa pete ya kufungia kamba, juu kisu ikianguka kwa majani ya kule Eringeti, uiage tu.

"Kisu yako iko na kazi kumi na mbili," akamuambia Faraja, "na haijui hata moja." Faraja aliondoka na ile ya pembe, na ya Kampala akaitundika kwa kioo ya camion kama urembo.

Mbusa alipokomaa hakutaka tupa. Alisema tupa inamutia usingizi. Akaenda kubambua kinkina, ile miti ya dawa ya malaria, kwenye mashamba ya mulimani. Kazi yake iko hivi: unakata pete mbili kwa shina, unachora mustari kati yao, halafu unaingiza lamu chini ya ganda na kuiinua kwa nguvu, mugongo wa kisu ukisukumana na muti. Na pale njo kuna shida, juu kisu ya kukunja ukiibana mugongo, inarudi kulala, na kitanda yake iko vidole vyako. Mwaka wa 1999 Mbusa alirudi na kidole kimefunguka mpaka mufupa. Jokébed alimufunga kidonda, akamulisha. Kesho yake hakuleta visu sokoni. Alileta vipande vya musumeno ya kukatia chuma, akakaa juma tatu akiharibu na kuanza upya, na wakati ule ukimusalimia anakujibu "mmh."

Kile alichotengeneza ni hiki. Ndani ya mugongo wa mupini aliweka kipande ya ile musumeno iwe ressort, na kwa ncha yake akachonga jino. Kwenye kisigino ya lamu akachonga mwanya. Ukifungula kisu mpaka mwisho, jino inaanguka kwa mwanya: tak! Hapo unaweza kusukuma, kuchokora, hata kupiga mugongo kwa jiwe, lamu haitarudi kwa vidole. Ukitaka ilale, unabonyeza mwisho kabisa wa mupini, karibu na pete. Nilimuuliza kwa nini ameweka kibonyezo mbali vile. Alijibu, "Ili mukono ya kazi usikifikie kwa bahati mubaya." Mutu anapobambua anashika mbele, na kule nyuma hakuna kidole kinachoenda.

Ya kwanza alimupatia Mbusa. Halafu tukaanza kuita pale sokoni: "Kisu ya kufunga! Kisu ya kufunga!" Na sauti kubwa ilikuwa yangu, niseme ukweli, yake ilikuwa ndogo. Kosa ilikuwa pale na hakuna aliyeiona. Kwetu kila kisu ya mufukoni, hata ile ya ovyo isiyo na jino, batu banaiita kisu ya kufunga, juu inajifunga ndani ya mupini kama mulango. Jokébed alitaka kusema kufunga kwa kufuli. Batu balisikia kufunga kwa mulango. Visu viliisha kila soko, na nani angehangaika na neno moja?

Mwaka wa 2001 muji ilikuwa kwa mikono ya bale basoda balitawala wakati ule. Nisitaje jina yao, waliibadilisha kuliko mashati. Balikuwa banaogopa bale bapiganaji ba pori, na mutu mwenye kuogopa anaona silaha hata kwa kijiko. Kwenye bariere, ile kizuizi ya barabara ya Beni, bakabandika karatasi ya kifaransa iliyokataza couteau à cran d'arrêt, ni kusema kisu ya jino. Basoda ba bariere hawakujua kifaransa. Karani yao akabatafsiria: kisu yenye kufunga. Basi, njo vile.

Jumatano moja Mbusa alikuwa anarudi kutoka kazi. Soda alimupapasa, akatosha kisu kwa mufuko, na hata hakuifungula. Akauliza tu, "Hii inafunga?"

Na yule mujinga, nilimupenda sana lakini nitamuita vile, akajibu kwa sifa, "Inafunga muzuri kabisa, afande! Mama yangu njo anaitengenezaka." Alielewa ameulizwa kama kisu inajikunja salama. Wale wakaelewa amekubali. Bakafunga kisu kwa kamba na karatasi yenye jina yake, na yeye mwenyewe bakamufunga kwenye depot, ile ghala ya kahawa ya zamani.

Rafiki yake aliyekuwa nyuma kwa mustari aliona na kusikia yote, akakimbia kutuambia sokoni. Jokébed alikuwa anapiga tupa. Akaipumzisha juu ya kigogo, akauliza swali moja: "Camion ya Beni ni lini?" Ilikuwa ya Jumamosi. Bafungwa bote ba ile depot balipelekwa Beni kila Jumamosi, na kuna bamama ba Butembo mpaka leo banaulizia bana babo bale balipanda ile camion. Tulikuwa na siku mbili.

Alhamisi alienda peke yake na wakamufukuza kwa mulango. Ijumaa nilienda naye, juu miye hawanifukuzake kwa urahisi. Nilipiga kelele pale mbele ya depot mpaka komanda akasema hao bamama waingizwe ili apate kula kwa amani. Kweli alikuwa anakula, hindi ya kuchoma. Hakuwa mutu mukali. Alikuwa mutu aliyechoka, na mutu aliyechoka mwenye bunduki, miye namuogopa zaidi. Karani alisimama pembeni. Kisu ilikuwa juu ya meza, imelala, na kamba yake na karatasi yake.

"Mama," komanda akasema, "mutoto yako alikubali na kinywa chake. Kisu inafunga."

"Komanda, kufunga gani?"

Akaacha kutafuna. "Kwani kufunga iko ngapi?"

"Mulango inafunga. Muislamu anafunga. Nyinyi munafunga batu. Mutoto yangu aliulizwa moja, akajibu ingine."

Karani alicheka, kisha akaangalia dari. Komanda hakucheka, lakini hakukasirika. Akapangusa mikono. Akasema ile ya karatasi ni kisu ambayo lamu inasimama, haikunjike hata ukichoma nayo mutu. "Hii iko vile, ao haiko vile?"

Iko vile! Miye nilijua, Jokébed alijua, na kama komanda angeifungula yeye mwenyewe akasikia ile tak, tungerudi nyumbani kuanza kilio. Niliomba Bikira Maria amupatie usingizi palepale juu ya hindi yake.

Jokébed hakujibu ndiyo, hakujibu hapana. Alisema, "Uniruhusu nikuonyeshe kazi yangu." Komanda akasukuma kisu upande wake. Alifungula kamba pole. Akaingiza ukucha kwenye kialama, akaanza kuvuta, na palepale akashikwa na kikohozi, ile ya baridi ya asubuhi ya Butembo, akakohoa mpaka machozi. Alipomaliza kukohoa, lamu ilikuwa wazi na hakuna aliyesikia kitu.

Halafu akaongea naye vilevile alivyoongea na Faraja sokoni. Silaha, akasema, inafunguka kwa mukono moja, juu adui hakungojee. Hii inataka mikono miwili na ukucha. Akaiweka juu ya kiganja ya karani: lamu ilikuwa fupi kuliko kiganja. Akaonyesha ncha iliyoinama. Akaonyesha makali yako upande moja tu, na mugongo munene wa kusukumia. Komanda alisikiliza. Hata aliinama kidogo kuangalia, na miye nikasema moyoni, Jokébed, usimufanye apende sana, ataishika.

"Ni maneno, mama," akasema mwishoni. "Miye nataka kujua kitu moja. Ukichoma, inakunja?"

"Batu banachoma namna gani, komanda?" Akashika kisu kama mutu anayemenya kiazi. "Hivi?"

"Hapana! Hivi hutaua hata kuku." Akajinyosha juu ya meza, akamugeuzia mukono yeye mwenyewe: lamu chini, ngumi juu, na kidole gumba kikae juu ya mwisho wa mupini. "Hivi."

Miye nilikuwa nimesimama upande wa pete, na nikaona kidole gumba cha Jokébed kimekaa juu ya kibonyezo. Komanda mwenyewe alikuwa amekiweka pale. Nilitaka kusema "Jokébed, hapana," na mudomo wangu huu, wenye soko nzima inaujua, ukakataa kufunguka.

Jokébed akabonyeza, akainua mukono mpaka kwa sikio, na akapiga meza kwa nguvu yake yote, akiulaza mukono kidogo, upande anaoujua. Jino ilikuwa imetoka kwa mwanya. Ncha iligusa mbao, lamu ikageuka, ikalala kitandani kwake, na kitanda ilikuwa imejaa vidole. Damu ilikimbia juu ya meza ikafika kwa hindi.

"Komanda," akasema, na sauti ilikuwa ndogo kama siku zote, "mutu akichoma na hii, anajikata yeye."

Komanda alisimama na kuangalia shati yake kwanza. Kisha aliangalia ile mukono, na uso wake ukawa kama wa mutu aliyekula kitu kibaya. "Mutoshe hii kitu kwa meza yangu!" Akageukia karani, na hasira yake ilitoka kwa kilingala, "Tika ye akende! Kende, kende!", ni kusema, mumuache aende. Karani akachukua daftari, akakata jina ya Mbusa kwa mustari mbili. Miye njo niliinua lamu kutoka kwa vidole vyake, nikaikunja, nikaitupa ndani ya kikapo yangu bila kuipangusa. Nilikuwa na hasira naye, na komanda, na kila mutu aliyejifunza kifaransa.

Jioni ile muganga alimushona. Mishipa ya vidole viwili ilikuwa imekatika, kile kidogo na ndugu yake, na mpaka leo havikunjike. Anashika tupa na vile vinavyobaki. Lakini ile ilikuwa jioni. Mbele yake kulikuwa kungoja.

Tulingoja saa nzima inje ya depot, kwa manyunyu, juu balisema mufungwa hatoke mpaka mukubwa ingine atie muhuri. Nilimukaza mukono kwa kitenge yangu, na juu yake akavuta shali, kama mama yeyote anayesikia baridi. Akaniambia nikae kimya. Mbusa alipotoka alikuwa ameishiwa mashavu. Kwa siku mbili hawakumupatia kitu ila maji. Alimukumbatia mama yake, na yeye akamukumbatia kwa mukono wa kushoto, na tukaanza kupanda barabara ya Vulamba, Mbusa katikati, akieleza namna bafungwa balilala kwa zamu juu hapakuwa nafasi. Alieleza sana. Mutu aliyeponyoka anaeleza sana, nilijua ile, lakini ilinichoma kuona haangalie kitu.

Nilitosha avocat, parachichi moja, kwa kikapo, nikamupatia. Akaniuliza, "Mama Kanyere, kisu yangu balirudisha?" Na miye, kichwa yangu ilikuwa mbali, nikamupatia na kisu.

Akavuta kwa ukucha. Tak. Akafurahi. "Iko muzima!" Halafu akaona lamu, nyekundu mpaka kwa rivet, na damu imeanza kukauka kwa pembe ya mupini. Uso wake wote ukafunguka, ndiyo mara ya kwanza siku ile alicheka, akageukia mama yake.

"Eh, mama! Mulinichinjia kuku?"

Nilimupiga kofi. Niseme ukweli, nilimupiga na mukono huu, katikati ya barabara, mbele ya batu balikuwa wanatoka kisimani, na avocat ikaanguka kwa matope. Alibaki ameshika shavu. Aliniangalia miye, kisha mama yake, kisha ile shali, na kitenge yangu ilikuwa inatona damu chini yake.

"Kanyere, muache," Jokébed akasema. "Mutoto ako na njaa."